Nukta katika Mvule

Mbao ya mvule imelazwa juu ya magogo mawili, kwenye karakana iliyo kando ya barabara ya Dodoma, hapa Kisongo. Ni kizingiti cha juu cha mlango wa Kiunguja. Miimo yake miwili imekwisha na imeegemezwa ukutani, nakshi ya mnyororo ikipanda pembeni, ya samaki ikiwa chini. Fundi amebandika karatasi ya maandishi ya Kiarabu iliyoandikwa na mtu mwingine, naye anapitisha kisu chembamba ukingoni mwa kila herufi.

Baada ya kisu, patasi. Herufi zinabaki, kinachoondoka ni mbao iliyozizunguka, tabaka baada ya tabaka. Anagonga mara mbili, anapuliza vumbi, anageuza mkono. Akifika kwenye mkunjo anachukua bobari, anaweka nyundo chini, anasukuma kwa kiganja.

Ugumu uko kwenye nukta. Be ina moja chini, te mbili juu, the tatu. Nukta ikiruka, neno limekuwa jingine, na maneno ya vizingiti hivi mara nyingi ni ya Qur'ani. Nukta ni kisiwa: imechimbwa pande zote, na pigo moja la kufuata nyuzi za mti linaweza kuing'oa. Kwa hiyo kwanza anakata kuvuka nyuzi, kulia na kushoto kwake, ili ufa ukija uishie hapo. Kisha anaparuza juu na chini, unyoya kwa unyoya. Kwa nukta tatu za the moja, chai yake imepoa na hajaigusa.

Mwaka 1924 F. R. Barton, aliyewahi kutumikia serikali ya Unguja, alichapisha makala kuhusu milango hii katika jarida la *Man* la London, akiisaka asili ya nakshi zake mbali nje ya Afrika Mashariki. Mimi nilipomuuliza fundi huyu maana ya samaki wa kwenye miimo, alinijibu kuwa samaki ni samaki, ila mkia ukipinda mwimo wote umeharibika. Jibu lake nalipenda kuliko la wasomi.

Njumu za shaba zitagongwa mwisho. Watalii huambiwa ni za kuzuia tembo, ingawa Unguja haina tembo. Kwa sasa mbao za mfaa, mti wa katikati ya mlango, zinakauka kivulini: mvule mbichi hujikunja, na mfaa uliopinda haufungi mlango.