Gia ya Pili Ndiyo Husema Kwanza

Giaboksi inapoanza kuchoka, gia ya pili ndiyo husema kwanza. Dereva anashusha kutoka ya tatu, mkono unasikia mkwaruzo mfupi, kisha gia inaingia. Wiki zinapita, mkwaruzo unarefuka. Dereva anajifunza kukanyaga klachi mara mbili kila anaposhusha gia, kelele inapotea, na anaamini gari limepona. Halijapona. Mguu wake umechukua kazi iliyokuwa ikifanywa na pete ndogo ya shaba ya sinkro, inayolinganisha kasi kabla gia haijaingia, na pete hiyo imekwisha.

Pete hiyo ndiyo kiini cha uchambuzi huu, na gari la mfano ni Datsun 240Z. Hili ni gari la michezo ambalo Afrika Mashariki ina haki ya kulidai. Lilizinduliwa Oktoba 1969, likiwa na injini ya silinda 6 na lita 2.4, na likapata sifa yake kubwa ya mashindano kwenye vumbi na matope ya huku. Mwaka 1971 Edgar Herrmann na Hans Schüller walishinda Safari Rally kwa gari hilo, na Shekhar Mehta akashika nafasi ya pili kwa gari la aina hiyohiyo. Mwaka 1973 Mehta, mzaliwa wa Uganda, alishinda akiwa na Lofty Drews baada ya kulingana kwa pointi za adhabu na Harry Källström aliyeendesha Datsun ya aina nyingine. Gari lililopita huko lilihitaji gia zinazoingia kila zinapoitwa.

Sasa tulitazame gari hilo kutoka Bujumbura, Burundi. Zone Industrielle, mtaa wa viwanda ulio karibu na bandari ya Ziwa Tanganyika, hauko mbali na Buyenzi, mtaa wa wazungumzaji wa Kiswahili ambao gereji zake zinajulikana mji mzima. Kazi kubwa ya mafundi wa maeneo haya ni Toyota: Corolla, Hiace, Hilux. Lakini anayeweza kuifungua giaboksi ya Hilux akaifunga ikakaa, tayari anajua sehemu kubwa ya kazi ya 240Z. Shafti ni zilezile tatu: inayopokea nguvu kutoka kwenye klachi, ya chini inayozungusha gia, na shafti kuu inayopeleka nguvu kwenye magurudumu ya nyuma. Tofauti kubwa iko kwenye spea. Burundi haina pwani, fedha za kigeni zimekuwa adimu kwa miaka kadhaa, na mzigo mwingi hupita Dar es Salaam kabla ya kuvuka mpaka. Pete iliyoagizwa kimakosa ni hasara ya pesa pamoja na wiki nyingi za kusubiri.

Ndiyo maana fundi makini huanza na swali la utambulisho: hii ni giaboksi gani hasa? Magari ya 240Z yaliyouzwa Marekani yalikuwa na giaboksi ya mkono ya gia nne, ilhali masoko mengine yalipata ya gia tano. Nissan, waliotengeneza Datsun, waliziita kwa namba ndefu zenye 71 ndani yake, na 71 hiyo ni umbali kwa milimita kati ya shafti kuu na shafti ya chini. Herufi iliyo kabla ya namba hiyo ina uzito zaidi. W inaonyesha sinkro ya mtindo wa Warner, ile ya pete ya shaba inayobana kwenye koni ya gia. C inaonyesha mtindo wa Porsche, ambao pete yake ni ya chuma, imekatwa sehemu moja, na hutanuka ili ishike. Pete za mtindo mmoja haziingii kwenye mwingine. Mtu anayeagiza “sinkro za 240Z” bila kutaja herufi hiyo anacheza bahati nasibu.

Kabla ya spana, masikio. Injini ikinguruma, gari likiwa halina gia na mguu ukiwa nje ya klachi, shafti ya kwanza na ya chini zinazunguka. Kelele ikiwapo hapo, kisha ikafa klachi ikikanyagwa, lawama inaangukia beringi za shafti hizo. Kelele ikizaliwa klachi inapokanyagwa, tatizo ni beringi ya klachi yenyewe, na giaboksi haina kosa. Kipimo kizuri kuliko vyote ni gia ya nne. Katika giaboksi hizi gia ya nne ni ya moja kwa moja, yaani shafti ya kwanza hufungamana na shafti kuu, na nguvu haipiti kwenye meno ya shafti ya chini. Gari linalolia katika gia ya kwanza, ya pili na ya tatu, kisha likanyamaza katika ya nne, limeshataja mahali pa kutazama.

Mafuta ya zamani nayo yana habari. Yakimwagwa kwenye beseni safi juani, vumbi linalometameta kwa rangi ya dhahabu ni shaba ya sinkro. Vipande vya kijivu vinavyoshikwa na sumaku ni chuma cha meno au cha beringi, na hiyo ni habari nzito zaidi.

Kuifungua nyumbani kunawezekana, na giaboksi za 240Z za toleo la B, zilizoanza kutumika kwenye gari hilo mwaka 1972, zinasaidia sana. Shafti zote zinashikwa na bamba moja la katikati. Ganda la mbele likivutwa na mkia wa nyuma ukitolewa, gia zote zinabaki zikining’inia kwenye bamba hilo, wazi kabisa. Fundi wa nyumbani hulibana bamba kwenye vaisi, huosha kila kitu kwa dizeli, na hupanga vipande juu ya kitambaa cheupe kwa mpangilio uleule vilivyotoka, kila pete karibu na gia yake. Picha za simu, hatua kwa hatua, ni akiba nzuri. Kitu ambacho ua wa nyumbani hauna ni presi. Beringi na gia zilizobanwa kwenye shafti kuu zinahitaji msukumo wa tani kadhaa ulionyooka. Kuzing’oa kwa nyundo ni kuharibu kitu kizima ili kutoa kibovu. Kwa hiyo shafti hufungwa kwenye gunia safi na kupelekwa kwenye karakana yenye presi.

Hapo ndipo pete inapohukumiwa. Pete ya Warner hukandamizwa kwa mkono kwenye koni ya gia yake na kuzungushwa. Nzima hushika, iliyokwisha huteleza kama sabuni. Lakini mkono peke yake hautoshi. Kati ya meno ya pete na meno ya gia hubaki mwanya unaopimwa kwa visahani vyembamba vya kupimia: pete mpya huacha milimita 1.2 hadi 1.6, na ukishuka hadi 0.8 pete imemaliza maisha yake. Sababu ni rahisi kuiona. Kila ikilika, pete huzama zaidi kwenye koni, hadi inafika mahali inagonga kitako bila kubana chochote. Ncha za meno nazo hutazamwa kwa kioo cha kukuzia, kwa kuwa ndizo zinazoizuia gia isiingie kabla kasi hazijalingana. Zikiwa butu, mkwaruzo utabaki hata kama koni inashika.

Mbona ya pili hufa mapema? Katika giaboksi ya gia nne ya 240Z ya toleo la B, uwiano wa gia ya pili ni 2.246 na wa tatu ni 1.415. Kushuka kati ya hizo mbili kunailazimu pete kuongeza kasi ya shafti ya kwanza kwa karibu asilimia 59 ndani ya kufumba na kufumbua, na katika barabara za milima jambo hilo hutokea mara kwa mara. Kuna sababu nyingine ambayo wengi huiruka: klachi isiyoachia kikamilifu. Klachi ikiendelea kuburuta hata kidogo, pete inashindana na injini nzima. Pete mpya ikifungwa hapo itakufa kwa haraka ileile. Kwa maoni ya mwandishi huyu, kutokagua klachi ndilo kosa la gharama kubwa kuliko yote katika kazi hii.

Kurudisha beringi kwenye ganda la alumini ni kazi ya joto. Alumini hutanuka karibu mara mbili ya chuma. Tundu la milimita 60 likipashwa nyuzi joto 80 zaidi huongezeka takriban milimita 0.11, na beringi iliyolala usiku kucha kwenye friji huingia kwa kusukumwa na vidole.

Halafu golori. Kila fimbo inayosukuma uma wa gia hushikwa mahali pake na golori inayosukumwa na springi. Kati ya fimbo na fimbo kuna vipini vidogo vya kufunga, vinavyozuia gia mbili zisiingie kwa pamoja. Kipini kimoja kikisahaulika mezani, giaboksi itafungwa vizuri, itaonekana nzuri, kisha itajifunga kabisa siku mkono ukikosea njia. Ndiyo maana kila gia huingizwa kwa mkono na shafti kuzungushwa kabla ganda halijarudi.

Mafuta huchaguliwa kwa kutazama pete ileile. Yanayoandikwa GL-5 yana viungo vikali vya salfa na fosforasi, vilivyokusudiwa meno ya difu, na baadhi ya aina hizo hula shaba. GL-4 ndiyo yake.

Mtihani wa barabarani Bujumbura umejengwa na jiografia. Barabara RN1 inapanda kutoka mji ulio kando ya ziwa hadi Bugarama, juu ya mita 2,000, kona baada ya kona, huku baiskeli zilizosheheni ndizi zikiteremka upande wa pili. Kupanda hupima beringi. Kurudi ndiko kunakopima kazi ya meza: gia ya tatu, kisha ya pili, mguu nje ya mafuta, injini ikilishika gari mteremkoni. Hapo gia yenye meno yaliyolika au uma uliopinda huruka yenyewe na kurudi katikati. Dereva anaweka kiganja juu ya fimbo bila kuishika, akisikiliza, hadi taa za mji na weupe wa ziwa vinapotokea chini.