Chepeo ya Mjerumani

Nyumbani kwa baba mkubwa, huko Korogwe, juu ya mlango wa sebule, ilitundikwa chepeo moja ya jua, ya rangi ya vumbi, yenye ukingo mpana na kitambaa kilichozungushwa kama kilemba. Sote tulilelewa tukijua kuwa ni chepeo ya Mjerumani, na kwamba babu aliitwaa katika vita vya Tanga, mwezi Novemba 1914. Mgeni alipoingia, kabla hajaulizwa habari za safari, alionyeshwa chepeo.

Siku moja baba mkubwa akasikia kwamba Wazungu hununua vitu hivyo kwa fedha nyingi. Akaniita. "Mwanangu, wewe ni mtu wa vitabu. Niandikie karatasi ya kuthibitisha." Ndivyo nilivyoingia katika elimu ya wakusanyaji wa chepeo za kikoloni, elimu ambayo sikudhani ipo, na ambayo nataka kuisifu kidogo na kuilaumu zaidi.

Niianze kwa sifa. Wakusanyaji wana macho. Hawaiamini hadithi ya muuzaji. Huigeuza chepeo juu chini wakaisoma ndani kabla ya kuisoma nje. Watakwambia kwamba chepeo ya ofisa wa Schutztruppe, yaani jeshi la Wajerumani katika makoloni yao ya Afrika, kwa kawaida imetengenezwa kwa gome jepesi, lile la kutengenezea vizibo vya chupa, likavishwa kitambaa cheupe au cha kaki. Mbele hukaa beji ya duara yenye rangi nyeusi, nyeupe na nyekundu, rangi za dola ya Kaizari, na mara nyingine tai wa shaba. Zile za Bortfeldt wa Bremen hutambulika kwa ukingo wa nyuma uliotandazwa ili kuikinga shingo. Ukiona ngao mbili ndogo za chuma ubavuni, moja ya rangi hizo tatu na nyingine yenye tai, usimsadiki anayekutajia Bagamoyo: hiyo ni ya jeshi la Hitler, ya miaka ya 1940, waliyokwenda nayo Libya na Misri. Wala tai peke yake si ushahidi. Tai hubandikwa. Mahali beji ilipokaa miaka mingi, kitambaa hubaki na rangi yake ya awali huku pembeni kikipauka. Tundu safi katika kitambaa kikuukuu ni la jana.

Hapo sifa zangu zinakoma. Watu hao hueleza kila mshono, lakini hawaulizi swali ambalo mtu wa huku angeuliza kwanza: mbona wengine hawakupewa? Vita vilipoanza mwaka 1914, jeshi lile hapa kwetu lilikuwa na Wajerumani wapatao 260 na askari Waafrika wapatao 2,500. Jua lilikuwa moja. Mjerumani alivaa chepeo. Askari alivaa tarbushi iliyofunikwa kaki, yenye kitambaa cha kukinga kisogo. Na mpagazi aliyebeba sanduku la bwana mkubwa alikuwa na ngata tu kichwani. Wazungu wa enzi zile waliamini kuwa miale ya jua la nchi za joto hupenya fuvu lao na kuudhuru ubongo, na kwamba Mwafrika ameumbwa kulistahimili. Vita Vikuu vya Pili viliitoa maana imani hiyo: askari wa Kiingereza walipigana jangwani na kofia za kawaida, na ubongo ukabaki palepale. Chepeo ilikuwa na kazi nyingine. Ilimjulisha mtu aliye mbali ni nani wa kuamkiwa.

Tena kuna suala la bei. Chepeo ikijulikana ilivaliwa na nani na wapi, thamani yake hupanda. Haya, tuseme imepatikana chepeo iliyokuwapo Songea mwezi Februari 1906, viongozi wa Wangoni waliponyongwa kwa sababu ya Majimaji. Kwa mkusanyaji hiyo ni lulu. Ataandika hali ya ngozi ya ndani, ukubwa wa kichwa, jina la fundi. Sisemi aitupe. Nasema hao walionyongwa nao waandikwe katika karatasi ileile, kabla ya hali ya ngozi.

Lakini hata sisi hatuna mikono misafi. Nilipoishusha ya kwetu na kuifuta vumbi, nilikuta muhuri ndani ya bitana: mistari mitatu iliyokutana nchani, kama unyayo wa kuku, na chini yake mwaka 1941. Unyayo ule ni alama ya mali ya serikali ya Uingereza. Umbo nalo, ule ukingo ulioteremka pande zote na kile kilemba, ni la Wolseley, chepeo ya Waingereza. Mjerumani hakuwamo.

Nilikaa na habari hiyo wiki mbili, nikiogopa. Nilipomweleza, baba mkubwa alinyamaza kitambo, kisha akasema, "Basi karatasi hiyo usiiandike."

Shangazi, dada yake mkubwa, alikuwa uani akichagua mchele. Hakuinua uso. "Baba alikuwa mpishi wa Waingereza kambini, wakati wa vita vya Hitla. Mwenyewe hakusema hata siku moja kwamba alipigana Tanga. Mlisema nyinyi."

Nikavuta kigoda. Nilimwuliza chepeo ilifikaje nyumbani, akanieleza kwamba babu alipewa na bwana aliyekuwa akimpikia, siku bwana huyo alipohamishwa, badala ya mshahara wa mwezi wa mwisho. Alikuwa akiivaa shambani wakati wa kupalilia, na watoto wakimcheka. Haikupata kutundikwa ukutani akiwa hai. Tulizungumza mpaka adhuhuri. Nilimwuliza kwa nini hakutuambia siku zote hizo, akajibu kwamba hakuna aliyemwuliza.

Chepeo ilirudi msumarini. Mgeni alipokuja, baba mkubwa alianza na Tanga kama kawaida. Shangazi akiwapo, alishusha sauti.