Picha ya Kuvizia na Picha ya Kusimama

Mapema mwaka 2008 nilikuwa na miaka sita, nimesimama Mulanda, wilaya ya Tororo, nimeshika leso ya mama. Tulikuwa tumevuka kutoka Kenya wakati wa ghasia za uchaguzi, kama maelfu ya wengine waliopitia Busia na Malaba. Laini ya kuandikishwa ilikuwa ndefu. Akapita mtu mwenye kamera kubwa, akachuchumaa mbele yetu, akapiga, akaenda zake. Hakusema kitu. Mama alikuwa hajaoga siku mbili na kitambaa cha kichwa kimelegea. Mpaka leo akiisimulia hiyo siku hataji njaa wala mvua. Anasema, "Na yule mtu akatupiga picha nikiwa vile." Hiyo picha iko mahali fulani duniani. Sisi hatuna.

Nimeanza hapo ili mjue nimesimama wapi. Siku hizi nafanya kazi na vijana hapa Kiryandongo, na kila anayekuja kutufundisha kupiga picha kwa simu analeta neno lilelile: usimpange mtu, mvizie, picha ya kweli ni ile ambayo mwenyewe hajui anapigwa. Vijana wanaipenda sana hiyo. Mimi nakubali nusu tu.

Chukua kazi ya Mohamed Amin, ambaye wengi humwita Mo Amin. Ni mtu wetu, mzaliwa wa Nairobi, 1943, aliyeanzisha Camerapix Dar es Salaam akiwa bado kijana. Oktoba 1984 alikuwa Korem, Ethiopia, pamoja na Michael Buerk wa BBC, akachukua zile picha za njaa zilizozunguka dunia nzima. Mwanga wake ni wa alfajiri, ule wa kijivu ambao haujaamua kuwa mchana. Watu wamejifunika mashuka, hakuna anayetengeneza uso. Mwaka uliofuata kukawa na tamasha la Live Aid, pesa zikachangwa, chakula kikaenda. Siwezi kuidharau kazi hiyo, kuna watu walipona kwa sababu yake. Lakini nimeziangalia mara nyingi, na kila mara natoka na umati. Siondoki na jina hata moja, wala sijui mmoja wao alipenda nini. Kama habari, ni kazi kubwa mno. Kama picha ya mtu, hapana. Na shida ni kwamba waliokuja baada yake waliiga ule umati, bila kuwa na njaa ile ya kueleza. Mtoto amesimama tu hivi, tenti nyuma yake, na tayari amepigwa kama Korem.

Sasa weka kando yake Seydou Keïta wa Bamako, Mali. Alifungua studio 1948, na picha zake nyingi alizipigia uani, kwa mwanga wa jua tu. Pazia lake la kwanza nyuma ya watu lilikuwa shuka la kitanda chake mwenyewe. Wateja walikuja wamevaa vizuri, na asiye na saa au redio aliazimwa ya studio. Kwa kawaida alipiga mara moja tu kwa kila mteja, sababu filamu ni pesa. Kuna moja ya kijana mwenye miwani mizito na suti nyeupe, ameshika ua moja mkononi. Amepangwa kabisa! Lakini huyo namjua. Najua anavyotaka kuonekana, na mimi hiyo naiita kweli pia, tena kweli ambayo mama alinyimwa Mulanda. (Cha kusikitisha, mwaka 1991 picha za Keïta zilionyeshwa New York bila jina lake. Hata mpigaji anaweza kuwa umati.)

Kwa hiyo nikaanza kuwafundisha vijana kinyume. Piga kwanza ya kusimama. Mwache mtu ajipange, afunge kilemba, amwite mtoto wake. Halafu usishushe simu. Akishaona umemaliza, anatoa pumzi, mabega yanashuka, anacheka na jirani. Hapo piga ya pili. Hiyo ya pili ni ya kuvizia, lakini ya mtu anayejua kamera iko wapi.

Na jua la huku linakulazimisha uwe na subira hata kama huna. Saa sita mchana liko utosini, linachimba mashimo chini ya macho, kila mtu anaonekana mgonjwa. Ngoja saa kumi jioni, au amka mapema. Ukishindwa, mweke mtu ukingoni mwa veranda, hatua moja ndani ya kivuli, uso ukitazama nje. Ardhi yetu nyekundu itarudisha mwanga kidogo chini ya kidevu, bure kabisa. Tenti nyeupe inachuja jua vizuri kwa aliye ndani, ila turubai la buluu linampa mtu rangi ya maiti, mtoe. Na ukimpiga mtu mweusi mbele ya tenti nyeupe, simu itaona tenti na kumgeuza yeye kivuli. Gusa uso kwenye skrini, hilo tenti liungue, nani analihitaji?

Ndugu zangu wa mashirika, najua mna fomu ya ruhusa. Lakini mtu aliye kwenye laini ya chakula atakataaje? Mwombe akiwa kwake, ameshakula.

Njia yangu nayo ina kasoro, sitaficha. Pale Busia nilimpiga mzee mmoja wa boda ya baiskeli, kazi ambayo inasemekana ilizaliwa palepale mpakani. Ya kwanza alikauka kama mti, mikono kwenye usukani. Ya pili alikuwa anamgombeza mwenzake aliyemchukulia abiria, na mwanga wa jioni uko nusu ya uso. Ni picha nzuri kuliko zote nilizowahi kupiga. Nikamwonyesha zote mbili. "Kijana, nitolee ile ya kwanza. Hii nyingine ni ya nini?"

Mwezi uliofuata nilimpeleka mama Tororo kumtembelea shangazi, na alipotaka tufike Mulanda sikubisha. Alivaa kitenge kipya, akasimama pale alipodhani laini ilipita, mkoba mbele, uso mgumu, jua la saa kumi na moja likimtoka ubavuni. Nikapiga. Kisha akageuka kuangalia mahali, akasahau mimi nipo, na midomo yake ikaanza kutetemeka. Nikapiga tena.

Ya kwanza iko ukutani, kwenye fremu. Ya pili aliiona kwenye simu tukiwa ndani ya taksi. Aliishika muda mrefu. Halafu akanirudishia, akasema futa.

Nimefuta.