Bentiu: Kambi Iliyo Chini ya Usawa wa Maji

Katika picha za angani za mwaka 2022, kambi ya wakimbizi wa ndani ya Bentiu, kaskazini mwa Sudan Kusini, inaonekana kama kisiwa: vibanda vya turubai vilivyopangwa kwa safu, na maji pande zote hadi upeo wa macho. Picha hizo hazionyeshi jambo moja la msingi. Usawa wa maji ya nje ulikuwa juu kuliko ardhi ambayo watu walikuwa wakiilalia. Kilichowazuia watu wapatao laki moja wasifunikwe ni tuta la udongo. Kwa maoni yangu tuta hilo ndilo lililokuwa msaada mkubwa kuliko wote uliopelekwa pale, kuzidi hata chakula, na ndilo pia lililozaa sehemu kubwa ya shida zilizofuata.

Tuanze na mahali penyewe. Hakuna mpimaji aliyepachagua. Vita vilipozuka Juba Desemba 2013 na kufika Jimbo la Unity siku chache baadaye, watu walikimbilia kwenye uzio wa kituo cha ujumbe wa kulinda amani wa Umoja wa Mataifa, UNMISS, karibu na Rubkona, ng'ambo ya mto kutoka mji wa Bentiu. Aprili 2014 waasi waliuteka mji, na mamia ya raia wakauawa, wakiwemo waliojificha msikitini na hospitalini. Baada ya hapo hakuna aliyehitaji kushawishiwa aingie ndani ya uzio. Kwamba eneo hilo lilikuwa bonde, na kwamba masika hayako mbali, ni mambo ambayo mtu anayekimbia risasi hayapimi.

Mvua za 2014 zikawakuta humo. Maji yaliingia kwenye vibanda hadi magotini na kuzidi, na akina mama wakakesha wamesimama, watoto mikononi, kwa sababu hapakuwa na pakavu pa kuwalaza. Shirika la Kimataifa la Uhamiaji (IOM) na wenzake wakaamua kuipanua kambi na kuijenga upya: ardhi ikainuliwa na kusawazishwa, mifereji ikachimbwa, watu wakagawiwa sekta na vitalu vyenye barabara katikati. Ilikuwa kazi ya uhandisi hasa, na ilifanywa vizuri. Lakini ilijibu swali moja tu: mvua ikinyesha ndani ya kambi, maji yatokeje? Mwaka 2021 swali liligeuka. Maji sasa yalikuwa nje yakitaka kuingia, na mdomo wa kila mfereji uliochimbwa ili kuyatoa ukawa mlango unaotakiwa kuzibwa.

Sehemu ya maji hayo tunaijua sisi wa huku juu. Baada ya mvua kubwa za mwishoni mwa 2019, Ziwa Victoria lilipanda hadi Mei 2020 likavunja rekodi iliyokuwa imedumu tangu 1964. Wa Mwanza, Kisumu na Entebbe wanakumbuka magati na hoteli za ufukweni zilivyomezwa. Ziwa hilo lina tundu moja tu la kutokea, Jinja, na kinachotoka Jinja hushuka na Nile Nyeupe na huchukua miezi kufika kwenye kinamasi cha Sudd. Bentiu haiko kwenye Nile Nyeupe yenyewe; iko kwenye mto Naam, unaoungana na Bahr el Ghazal, ambao nao humwaga maji yake Nile Nyeupe kwenye Ziwa No. Nile Nyeupe ikijaa, mito hiyo haina pa kumwaga. Maji husimama, kisha hurudi nyuma na kutanda. Nchi yenyewe ni tambarare mno, inainama sentimita chache tu kwa kila kilomita, na udongo wake ni ule mweusi wa mfinyanzi, unaopasuka kiangazi na kunata masika, ambao ukishalowa haupitishi maji. Hayashuki chini, hayaendi mbele. Yanangoja jua liyakaushe. Kabla jua halijamaliza kazi, mvua ya mwaka unaofuata huanza. Ndiyo maana mafuriko ya 2020 yalinyeshewa na mvua ya 2021, na ya 2021 yakanyeshewa na mvua ya 2022. Watu zaidi ya 835,000 waliathirika nchini mwaka 2021. Mwaka uliofuata idadi ilipita milioni moja.

Tuta lilijengwa na wahandisi wa kijeshi wa Pakistan walio chini ya UNMISS, pamoja na mitambo ya IOM na mikono ya wakazi wenyewe, ambao wengi walilipwa ujira wa kutwa. Lilianzia kwenye kambi, likaongezwa kuzunguka uwanja wa ndege na barabara zinazounganisha sehemu hizo, hadi likafika makumi ya kilomita. Kwa maandishi ni rahisi: tingatinga linasukuma udongo, udongo unashindiliwa, kazi imekwisha. Lakini mfinyanzi uliolowa haushindiliki; ukipita juu yake na mtambo unabonyea na kuinuka tena kama ugali ambao haujaiva. Ukikauka unapasuka, na nyufa za kiangazi ndizo njia za maji ya masika. Halafu kuna upepo. Maji yaliyotanda kilomita nyingi bila mti wala kilima hujenga mawimbi, na mawimbi hula ukingo usiku kucha kwa midomo midogo midogo. Kwa hiyo upande wa nje ulihitaji turubai na viroba vya mchanga, na viroba huoza na kupasuka kwa jua. Kwato za ng'ombe nazo hufanya kazi yao, kwani tuta ndiyo ardhi kavu pekee na mfugaji hana pengine pa kusimamisha mifugo.

Ndiyo maana doria za tuta zilikuwa muhimu kama tuta lenyewe, mchana na usiku. Kanuni ya walinzi wa matuta ni ile ile popote: maji yakipenya yakiwa safi, weka alama urudi kuangalia, yakitoka na tope, amsha watu. Tope maana yake udongo wa ndani ya tuta unasafiri, na tundu lenye upana wa kidole jioni linaweza kuwa pengo la kupitisha mtumbwi alfajiri. Kazi hiyo haikuhitaji mtaalamu kutoka nje. Ilihitaji vijana wenye tochi, koleo, rundo la udongo lililowekwa karibu, na mtu wa kupigiwa simu mwenye mamlaka ya kuwasha ekskaveta saa nane usiku. Ripoti za misaada huhesabu magunia na vifaa. Ni nadra kuhesabu zamu za usiku.

Tatizo la pili liko ndani. Ukishafunga kambi pande zote, mvua inayonyesha humo haina pa kwenda isipokuwa kwa pampu. Pampu zinataka dizeli, na dizeli inategemea njia za usafirishaji ambazo mafuriko yamekwisha kuzikata au kuzibana. Hapo ndipo uamuzi wa kuukinga uwanja wa ndege ulipoonyesha busara yake. Kama ungezama, kila kitu kingine, mafuta, dawa, vipuri, kingetegemea boti.

Vyoo vilifuata. Shimo la choo haliwezi kuchimbwa pale ambapo maji yako karibu na uso wa ardhi. Hujaa kabla halijatumika, na kinachofurika kinachanganyika na madimbwi ambamo watoto wanacheza. Homa ya ini aina ya E, inayoenezwa na maji yenye kinyesi na kuwaua zaidi wajawazito, ilikuwa mwenyeji wa Bentiu kwa miaka. Machi 2022 Wizara ya Afya na Madaktari Wasio na Mipaka walianza kuchanja dhidi yake, mara ya kwanza duniani chanjo hiyo kutumika kukabili mlipuko. Shirika la Afya Duniani lilikuwa limependekeza itumike kwenye milipuko tangu 2015. Miaka saba ni mingi kwa chanjo iliyokuwa tayari dukani.

Kuhusu chakula nitasema kidogo, kwa sababu habari yake ni fupi na inauma. Juni 2022, Mpango wa Chakula Duniani ulisimamisha misaada kwa watu milioni 1.7 kati ya milioni 6.2 uliokusudia kuwalisha Sudan Kusini mwaka huo. Fedha ziliisha. Wanawake wa Bentiu waliendelea kuingia majini kutafuta yungiyungi za kula na kuni za kupikia, wakivuta mizigo kwenye vipande vya turubai vilivyofungwa mithili ya mashua, maji yakiwafika kifuani.

Kosa ninaloliona halikuwa la wahandisi. Machi 2021, miezi michache kabla maji hayajapanda, kambi ilikuwa imebadilishwa hadhi, kutoka eneo la ulinzi wa raia chini ya UNMISS na kuwa kambi ya kawaida chini ya serikali. Hoja ilikuwa kwamba amani imepatikana na watu warudi makwao. Kisha makwao kukazama, na waliokuwa hawajawahi kuvikimbia vita wakaja Bentiu kwa sababu ya maji. Aprili 2023 vita vya Sudan vikaanza: wakaanza kurejea raia wa Sudan Kusini waliokuwa Sudan, na bidhaa za soko la Bentiu, ambazo kwa miaka zilitoka huko kaskazini, zikapungua. Bajeti ziliendelea kuombwa kwa mwaka mmoja mmoja, kana kwamba maji nayo yana mwaka wa fedha. Lakini baada ya mvua za 1961 Ziwa Victoria lilikaa juu ya usawa wake wa zamani kwa miongo.

Na kila msimu tuta hushuka kidogo kwa kuliwa, kukanyagwa na kukauka, kwa hiyo lazima liinuliwe. Kuliinua kunataka udongo mkavu, na maji yakiwa juu udongo mkavu unapatikana kwa kiasi kikubwa ndani ya tuta, chini ya miguu ya wanaolindwa nalo.