Mtoto Asome Alichoandika Mwenyewe

Mashine ya Perkins, ambayo wanafunzi wasioona huiandikia nukta nundu, ina vitufe sita tu vya kuandikia: vitatu kushoto, vitatu kulia, na katikati kitufe kirefu cha kuachia nafasi. Kila kitufe kina nukta yake. Kidole cha shahada cha kushoto kina nukta ya kwanza, cha kati ya pili, cha pete ya tatu. Mkono wa kulia unabeba ya nne, ya tano na ya sita kwa mpango huohuo. Mtoto akitaka "m" anabonyeza ya kwanza, ya tatu na ya nne kwa mara moja, kama mpiga kinanda anavyoshusha sauti tatu pamoja, na herufi inatoka nzima.

Aliyeibuni, David Abraham, alikuwa mwalimu wa useremala katika Shule ya Wasioona ya Perkins, Massachusetts, Marekani. Ilianza kuzalishwa mwaka 1951 na mpaka leo imo madarasani. Ni kazi ya mtu aliyeshinda kutwa na wanafunzi ambao wangeitumia, na inaonekana.

Ufundi wake unadhihirika ukiulinganisha na kifaa kilichotangulia, ambacho bado kinatumika: fremu yenye vidirisha na kalamu butu ya chuma. Karatasi hubanwa ndani ya fremu, kisha nukta huchomwa mojamoja kwa upande wa nyuma. Kwa kuwa zinatokeza upande wa pili, mwandishi huanzia kulia kwenda kushoto, na kila herufi huigeuza kichwani. Herufi "t" ina nukta nne, basi ni machomo manne. Akitaka kujua ameandika nini, sharti aitoe karatasi na kuipindua. Fremu ni nyepesi, bei yake nafuu, na anayeimudu anastahili heshima. Ila mtoto anayeanza hujikuta ana sura mbili za kila herufi: ya kuandika na ya kusoma.

Ndani ya Perkins, sindano husukuma karatasi kutoka chini kwenda juu. Nukta hutokea papo hapo chini ya kidole, kushoto kwenda kulia, karatasi ikiwa bado mashineni. Mtazame mtoto wa darasa la pili akiandika "mwalimu" wakati wa imla. Anamaliza neno, mkono unaacha vitufe, kidole kinapita juu ya mstari. Kinasimama. Ameandika "mjalimu". "J" ni nukta ya pili, ya nne na ya tano. "W" ni hizohizo pamoja na ya sita, na kidole cha pete cha kulia hakikushuka. Anarudisha kichwa cha mashine mpaka kwenye herufi ile, anabonyeza nukta ya sita peke yake, na "j" inakuwa "w". Hakumwita mwalimu. Nukta ingezidi, angeilaza kwa ukucha.

Ndiyo maana namstahi sana fundi wa mashine hizi. Vumbi likiganda, au chuma kikishika kutu, sindano ya sita huinuka nusu. Hapo mtoto amebonyeza sawasawa, lakini kidole chake kinasoma "j", naye anaanza kujitilia shaka kwa kosa lisilo lake. Fundi anayefungua mashine, akaisafisha, akaitia mafuta na kujaribu kila nukta, anamrudishia mtoto imani na mkono wake.

Siku hizi kuna vifaa vya kielektroniki kama Orbit Reader 20, chenye mstari wa herufi 20 ambazo nukta zake hupanda na kushuka zenyewe. Miongoni mwa vitufe vyake vya kuandikia vimo vilevile sita vya mtindo wa Perkins, kwa hiyo mikono iliyozoea Perkins haianzi upya. Zipo pia programu za kompyuta zinazosoma kwa sauti, nazo ni msaada mkubwa. Lakini sauti hupita na maneno yake. Tahajia huijua yule aliyeipapasa herufi kwa herufi.

Kwa hiyo kamati ya shule inapochagua kifaa, iulize kwanza: je, mtoto ataweza kusoma alichoandika na kukisahihisha mwenyewe? Jibu likiwa ndiyo, basi fedha za karatasi nzito na za fundi ziingie kwenye bajeti ya kila mwaka, pamoja na chaki na madaftari.