Picha Iliyoachwa Nusu

Yapata mwaka 1756, Thomas Gainsborough, mchoraji Mwingereza aliyekuwa amekwisha kumzika mtoto wake wa kwanza, aliwachora binti zake, Mary na Margaret. Mdogo, Margaret, anamnyooshea mkono kipepeo aliyetua penye miiba. Mkono wake mwingine umeshikwa na dada yake. Nyuso zimechorwa kwa uangalifu, nguo zimeachwa nusu. Wengine wataiita kasoro. Sisi twaona ndiyo kweli ya picha: mzazi huuona mwiba, asiweze kuung'oa. Ukubwani Mary aliugua ugonjwa wa akili, na Margaret akaishi naye akimtunza. Sisi wazazi wa Rulenge nasi kazi ya kulea hatuimalizi. Tuwafundishe watoto kushikana mikono, yaliyobaki tumwachie Mungu.