Kupanda Mwanihana Masika Yakiisha

Kilele cha Mwanihana, chenye urefu wa zaidi ya mita 2,000, kimo ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Milima ya Udzungwa, iliyoanzishwa mwaka 1992 nchini Tanzania. Njia ya kukifikia huanzia upande wa Mang'ula, kando ya bonde la Kilombero, kwenye mwinuko wa takriban mita 300. Kwenda na kurudi ni kama kilomita 38, na kwa kawaida safari hupangiwa siku tatu, watu wakilala msituni mara mbili. Mwezi Juni, masika yakiwa yamekatika karibuni, siku hizo tatu hazibakizi nafasi.

Sababu huonekana kwenye hesabu. Mwaka 1892, mpanda milima wa Uskoti, William Naismith, aliweka kanuni ambayo hadi leo hutumika kukadiria muda: saa moja kwa kila kilomita 5 hivi za kutembea, na saa moja zaidi kwa kila mita 600 hivi za kupanda. Kwa kanuni hiyo, kilomita 19 za kwenda zenye kupanda karibu mita 1,800 zingechukua saa saba. Lakini kanuni hiyo huchukulia kuwa njia ni nyeupe. Pale mtu anapolazimika kuinama, kuruka magogo na kusubiri panga lifungue njia, mwendo hushuka hadi kilomita moja au mbili kwa saa, hata kwenye tambarare. Ndiyo maana siku ya kwanza hutumika kufika kambini tu, ya pili kupanda kileleni na kurudi kambini, na ya tatu kuteremka.

Njia huzibwa kwa namna mbili. Kwanza, mteremko wa mashariki wa Udzungwa hupokea upepo wenye unyevu kutoka Bahari ya Hindi, na mvua ya huko hufikia milimita 2,000 kwa mwaka. Miezi ya Machi hadi Mei wageni ni wachache, kwa hiyo mimea haikanyagwi. Pili, mti mkubwa ukianguka huacha uwazi unaoingiza jua, na mimea inayotambaa hulijaza eneo hilo haraka. Hivyo njia haizibwi kwa usawa: chini ya miti mirefu hubaki wazi, ila kwenye uwazi hupotea kabisa.

Kazi ya kufyeka ni ya askari wa hifadhi anayetangulia. Shina hukatwa karibu na ardhi, kwani kisiki chenye ncha kilichoachwa kwenye usawa wa goti humjeruhi anayefuata. Matawi hutupwa upande wa bondeni. Anayemfuata mwenye panga hukaa mbali kiasi cha kutofikiwa na ncha yake. Mwenye panga hafyeki zaidi ya upana wa mtu mmoja na mzigo wake, maana kila mkono wa ziada ni dakika zinazopotea.

Hatari kubwa ya kupotea haitokani na vichaka, bali na njia za tembo. Hizo ni pana, zimekanyagwa vizuri na mara nyingi hufuata mteremko wa wastani, kwa hiyo huvutia kuliko njia halisi. Alama za kuzitofautisha zipo. Tembo huvunja na kuchana matawi, ilhali panga huacha mkato laini wa mshazari. Kundi likipita mwendo mrefu bila kuona mkato wa zamani wala mpya, hurudi hadi ulipoonekana wa mwisho, badala ya kukata njia ya mkato kuelekea mgongo wa mlima.

Mavazi hufuata hali hiyo. Suruali ndefu huchomekwa ndani ya soksi ili kuzuia kupe na siafu, na mikono hufunikwa kwa sababu maganda ya upupu huanza kukauka mvua zinapoisha, na vinyweleo vyake huwasha vikali. Kwa kuwa joto hupungua kwa takriban nyuzi 0.6 kwa kila mita 100, kambi ya juu huwa baridi zaidi ya Mang'ula kwa nyuzi kadhaa, na nguo zilizolowa umande hazikauki kwa urahisi. Seti moja kavu hufungwa kwenye mfuko wa plastiki na kuvaliwa usiku tu.

Mito ya mlimani hujaa upesi na kupungua upesi. Huvukwa mahali papana penye maji machache, mikanda ya begi ikiwa imefunguliwa ili mzigo uweze kuachwa mtu akianguka. Ikiwa mvua imenyesha juu, kusubiri saa chache hufaa kuliko kujaribu.

Kuteremka huchukua muda mrefu kuliko inavyodhaniwa, kwa kuwa mizizi iliyolowa huteleza na magoti yamechoka. Mwezi Juni jua huzama kabla ya saa kumi na mbili na nusu jioni, na kwa kuwa njia iko upande wa mashariki, kivuli cha mlima huifunika mapema zaidi. Kwa hiyo saa ya kugeuka hupangwa kambini alfajiri, kwa kuhesabu kurudi nyuma kuanzia giza linapoingia. Ikifika, kundi hugeuka popote lilipo, hata kama kilele kinaonekana.